Majina ya lokole na alama ya font

Basoko. Kijana mmoja wa hapa kwetu, aliyesomea kompyuta Kisangani, alinipigia simu siku moja akiwa na furaha kubwa.

“Yaya, zile kurasa za zamani nimezisafisha zote. Nimetoa takataka zote za font. Sasa zinafunguka haraka hata kwenye simu ndogo.”

Nilimshukuru, na nilimaanisha. Kurasa zile zilikuwa nzito kama mtumbwi uliojaa makala, na mtu wa hapa anayenunua mega kwa faranga alizopata kwa kuuza samaki hana za kuchezea. Siku tatu baadaye nikafungua ukurasa wa majina ya lokole. Kweli ulifunguka mara moja. Majina yote yalikuwapo, yamepangwa vizuri, kwa herufi nyeusi safi. Na karibu kila jina lilikuwa na kosa.

Kwa wasomaji walio mbali na mto: lokole ni gogo lililochimbwa tumbo, lenye midomo miwili. Mdomo mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Lokole haitamki herufi. Hufuata kupanda na kushuka kwa neno, na wasikilizaji wanaoijua lugha hulitambua neno kwa njia hiyo. Kwa hiyo jina la lokole lililoandikwa bila alama za sauti ya juu ni nusu ya jina. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyekaa Yakusu karibu na Kisangani, alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1949, na mfano wake mmoja bado unasimuliwa mbali sana na hapa. Kwa Kilokele neno lisaka, likitamkwa chini lote, ni dimbwi la maji. Ukipandisha silabi ya mwisho peke yake, lisaká, ni ahadi. Ukipandisha mbili za mwisho, lisáká, ni sumu. Mtu akikuandikia lisaka bila alama hujui kama anakuahidi au anakuua.

Orodha ile tuliipata kwa mzee mmoja Mlokele aliyefika Basoko kwa biashara ya mto akabaki. Alikuwa ameijaza katika daftari kwa mkono wake, jina kwa jina, na alama zake zote. Sasa mzee hayupo. Ndiyo maana nilipouona ukurasa ule nilikaa kimya kwa muda kabla ya kumpigia kijana. Sikumgombeza. Alikuwa amefuata ushauri ambao kila anayefundisha kutengeneza kurasa huutoa, na ushauri wenyewe ni mzuri. Kosa lilianza zamani, kabla yeye hajagusa kompyuta, na ukitaka kulielewa lazima urudi nyuma.

Tim Berners-Lee alipobuni mtandao wa kurasa katika maabara ya CERN, Geneva, kati ya mwaka 1989 na 1990, lugha yake ya HTML haikujishughulisha na urembo. Alama zake zilisema: hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha, hapa pana kiungo. Kichwa kiwe kikubwa kiasi gani, cha rangi gani, hilo lilikuwa shauri la programu inayosoma na la mwenye kompyuta. Wanasayansi hawakuona shida. Lakini mtandao ulipotoka maabara ukaingia mjini, wenye magazeti na wenye maduka walitaka ukurasa ufanane na tangazo la ukutani. Walitaka herufi nyekundu na herufi kubwa, na walitaka wachague wao.

Netscape, iliyotoa toleo la 1.0 la kivinjari chake Desemba 1994, ndiyo iliyoleta alama ya font, kwanza kwa ajili ya ukubwa wa herufi. Microsoft ilipoingia na Internet Explorer mwaka 1995 ikaongeza uwezo wa kutaja jina la fonti yenyewe. Watu wakaipenda. Ilikuwa rahisi: unaandika alama kabla ya neno, unaifunga baada ya neno, na neno linabadilika mbele ya macho yako. Hakuna cha kusomea. Mimi mwenyewe nilijifunza kwa dakika kumi, nikiwa nimesimama nyuma ya kiti cha mtu mwingine.

Shida yake ni uzito na marudio. Tuchukue alama moja ya kawaida ya wakati ule:

<font face="Arial" size="2" color="#000000">

Ukihesabu kila herufi na nafasi utapata 44, na alama ya kufunga ina 7, jumla 51. Vivinjari vingi vya miaka ile havikuvusha fonti kutoka nje ya jedwali kwenda ndani ya visanduku vyake, kwa hiyo ulilazimika kuirudia katika kila kisanduku. Jedwali la mistari 300 na safu 4 lina visanduku 1,200. Zidisha mara 51: herufi 61,200, kama kilobaiti 60, kabla hujaandika jina hata moja la mtu. Na zote zinasema jambo lilelile, kwamba maandishi yawe meusi na ya saizi ndogo. Siku hizi seva hubana kurasa kabla ya kuzituma na mzigo unapungua, lakini zamani nyingi hazikubana, na aliyelipa ni msomaji aliyekaa katika chumba cha intaneti Kisangani akitazama saa, huku jenereta inaunguruma nje.

Dawa ilikuwapo mapema. Tarehe 10 Oktoba 1994, yaani miezi miwili kabla ya toleo lile la Netscape, Mnorwe Håkon Wium Lie, aliyekuwa akifanya kazi CERN, alitoa pendekezo la laha za mitindo. Wazo lake: maandishi yabaki na alama zake za maana, na mambo ya sura yaandikwe mahali pamoja, pembeni. Ukisema mara moja tu kwamba visanduku vyote vya jedwali viwe na herufi ndogo nyeusi, imetosha. Kivinjari hupakua faili ya mitindo mara moja, huihifadhi, na kuitumia kwa kurasa zote zinazofuata. Bert Bos, Mholanzi aliyekuwa akijenga kivinjari chake kiitwacho Argo, aliungana naye. Tarehe 17 Desemba 1996 shirika la viwango vya mtandao, W3C, likatoa CSS ya kwanza.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa ajabu. Januari 1997 W3C ilitoa HTML 3.2 ikiikubali alama ya font, kwa sababu tayari ilikuwa imejaa kila mahali na kuikana kungekuwa kujidanganya. Tarehe 18 Desemba mwaka uleule ikatoa HTML 4.0 ikisema alama hiyo imepitwa na wakati, watu watumie laha za mitindo. Katikati ya tarehe hizo mbili nchi yetu nayo ilibadilishwa jina. Mei 1997 Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa, Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na anwani zetu za intaneti zilizokuwa zikiishia kwa zr zikapewa mwisho mpya, cd. Zile za zr hazikufa siku hiyo. Zilibaki katika orodha ya dunia hadi mwaka 2001 ndipo zikafutwa. Alama ya font ilikuwa na roho ngumu zaidi. HTML5 ilipotoka rasmi tarehe 28 Oktoba 2014 iliitoa kabisa kati ya alama zinazoruhusiwa, na bado leo vivinjari vyote vikiikuta vinaitii, maana vikikataa kurasa nyingi sana za zamani zitaharibika.

Kwa nini ilidumu? Netscape 4, iliyotoka mwaka 1997, ilishughulikia laha za mitindo vibaya hata watu waliziogopa. Programu za kutengenezea kurasa, kama FrontPage na Dreamweaver za mwanzo, zilimwaga alama za font zenyewe bila mtu kuomba. Na mazoea ni mazoea. Mambo yalianza kubadilika kwa kishindo mwaka 2002, tovuti ya habari ya Wired ilipojengwa upya kwa laha za mitindo. Mwaka 2003 Mkanada Dave Shea akafungua CSS Zen Garden, ambako ukurasa mmoja uleule ulivalishwa sura tofauti kabisa na mafundi mbalimbali bila kugusa hata neno moja la maandishi. Nakumbuka nilivyoutazama mara ya kwanza, nikaamini kuna ujanja. Baada ya hapo kusafisha kurasa ikawa kazi ya kila fundi. Toa font, weka mitindo. Vitabu vikaandika hivyo, walimu wakafundisha hivyo.

Hivyo ndivyo hadithi inavyosimuliwa Ulaya na Marekani, na kwao iko sawa. Mwingereza akiifuta alama ya font, neno lake linabaki neno lilelile, limebadilika sura tu. Huku kwetu alama ile ilikuwa na kazi ya pili ambayo waandishi wa vitabu vile hawakuifikiria.

Kiswahili kilipita salama. Kina irabu tano, na herufi zake zote zimo katika kila mashine ya kuchapa iliyowahi kuletwa mtoni. Ndiyo maana kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Benjamin katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 haikuhitaji fonti ya pekee. Lakini ukishuka mto kutoka Kisangani kuja Basoko unakiacha Kiswahili nyuma na kuingia Kilingala, na Kilingala kina irabu saba: pamoja na e na o za kawaida kuna ɛ na ɔ zilizo wazi. Kilokele nacho ni hivyo. Taasisi ya kimataifa ya lugha za Afrika iliyokuwa London ilipendekeza herufi hizo mbili mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1976 chama cha wanaisimu wa Zaire kiliziweka katika tahajia ya Kilingala, pamoja na alama za sauti.

Si urembo. Kwa Kilingala moto ni mtu. Mɔ́tɔ ni ule moto wetu wa Kiswahili, unaowaka. Motó ni kichwa. Ziandike zote kwa o tupu kama tunavyofanya kwenye simu, na mgeni wa Kisangani atadhani kijiji kizima kinaungua. Sisi wenyewe tunaelewana kwa sababu sentensi inatusaidia. Jina halina sentensi ya kulisaidia.

Kompyuta za miaka ya 1990 zilikuwa na nafasi 256 tu za herufi katika fonti moja, na baadhi ya hizo hazikuwa za herufi kabisa. Seti iliyotumika Ulaya Magharibi iliweka humo é, à, ç, ø na nyinginezo. Za alama ya sauti ya juu kama á na ó zilikuwamo, kwa bahati ya Wahispania. ɛ na ɔ hazikuwamo. Watu wakafanya ujanja. Fundi wa fonti alichukua nafasi ya herufi isiyohitajika, tuseme ç, akafuta mchoro wake, akachora ɛ mahali pake. Kompyuta iliendelea kuamini kwamba ni ç. Jicho liliona ɛ. Ili ujanja ufanye kazi kwenye ukurasa, ilibidi uitaje fonti hiyo kwa jina katika alama ya font, na msomaji naye awe ameiweka katika kompyuta yake. Asipokuwa nayo, aliona ç.

Hatukuwa peke yetu. Waethiopia walipitia tabu hiyo kwa ukubwa zaidi, kwa kuwa hati yao ya Ge'ez ina alama mia kadhaa, na fonti za kwanza zilizotengenezwa kwa ajili ya Kiamhari kila moja ilizipanga kwa namna yake. Maandishi yaliyoandikwa kwa fonti moja yalikuwa fujo tupu kwa mwenye fonti nyingine. Hati yao iliingia katika Unicode mwaka 1999, na Windows Vista ya mwaka 2007 ndiyo iliyokuja na fonti ya Kiethiopia, Nyala, ndani yake.

Unicode, kwa asiyeijua, ni daftari la dunia linalompa kila herufi nambari yake isiyogawiwa mwingine. Toleo la kwanza lilichapishwa mwaka 1991, na herufi zetu zilikuwamo tangu mwanzo: ɛ ni 025B, ɔ ni 0254. Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Waraka uleule wa HTML 4.0 wa Desemba 1997, uliosema font imepitwa na wakati, ndio uliofanya daftari hilo kuwa msingi wa herufi za kurasa zote za mtandao. Dawa mbili zilitoka katika chupa moja: andika herufi kwa nambari yake ya kweli, halafu weka sura katika laha ya mitindo. Waliofundisha walishika ya pili, kwa sababu ya kwanza haikuwauma. Mtu ambaye herufi zake zote zimo katika zile 256 anaweza kuishi maisha yake yote bila kujua kwamba kuna hatua ya kwanza.

Tena, nambari peke yake haitoshi kama fonti haina mchoro. Kwa miaka mingi fonti za kawaida zilionyesha kisanduku kitupu mahali pa ɔ. Yenye alama ya sauti ya juu, ɔ́, ilikuwa mbaya zaidi. Unicode haikuipa nambari moja. Unaandika ɔ, halafu unaongeza kialama cha nambari 0301 ambacho kinatakiwa kupanda juu yake. Fonti nyingi zilikiweka pembeni, au kikaning'inia juu ya herufi inayofuata, kama kofia iliyopeperushwa. Mradi wa fonti huria wa DejaVu, ulioanza mwaka 2004 juu ya fonti za Bitstream Vera, ulisaidia sana. Mmoja wa walioufanyia kazi ni Denis Moyogo Jacquerye, ambaye pia amejitahidi kukiingiza Kilingala katika kompyuta. Kisha kuanzia mwaka 2008 na 2009 vivinjari vya Safari na Firefox vikaanza kukubali laha ya mitindo iliyobeba faili ya fonti, msomaji akaipata pamoja na ukurasa bila kuweka kitu katika mashine yake. Wazo hilo lilikuwa limeandikwa katika CSS2 tangu mwaka 1998. Lilisubiri miaka kumi.

Sisi tuliiandika orodha ya mzee kabla ya hayo yote kutufikia. Fonti tulipewa katika disketi, Kisangani, na mtu aliyeipata kwa mtu. Katika fonti ile ɛ ilikaa mahali pa ç, na ɔ mahali pa ø. Zile zenye sauti ya juu, ɛ́ na ɔ́, zilipewa nafasi nyingine mbili za herufi za Kizungu ambazo hatukuzihitaji. Mzee alikaa nyuma yangu, akasoma kila jina kwenye kioo, na akilitilia shaka alilipiga kwa vidole viwili juu ya meza.

“Hapa umeshusha, mwanangu,” aliniambia. “Hapo panapanda.”

Nikarudi nikapandisha. Kurasa tisa za daftari zilituchukua siku nne, na nyingi ya faranga zilizotumika zilikuwa zake.

Sasa tazama alichokiona kijana miaka mingi baadaye. Aliamuru programu ifute alama zote za font, mara moja, katika kurasa zote. Ilifuta. Majina ya Kilokele yakajaa ç na ø. Yeye akafikiri, kama ambavyo ningefikiri mimi, kwamba maandishi yamevurugika njiani, jambo ambalo hutokea kila siku. Akayaangalia, akaona kwamba penye ç panasomeka kama e na penye ø kama o. Akaamuru programu ibadilishe: ç ziwe e, ø ziwe o, na zile mbili nyingine vivyo hivyo. Ukurasa ukatulia. Kama angeziacha zile ç tungezirudisha kwa asubuhi moja, kwa sababu Kilokele hakina ç yake, na kila moja ilikuwa bado ushahidi wa ɛ. Baada ya kuzigeuza e, hakuna programu duniani inayoweza kusema e ipi ilikuwa e tangu mwanzo na ipi ilikuwa ɛ.

Kuna jambo baya zaidi ya hilo. Á, í, ú, é na ó zilikuwa herufi za kawaida, hazikuguswa. Kwa hiyo majina yalibaki na alama za sauti ya juu katika baadhi ya silabi, yakionekana kamili. Anayejua kusoma tahajia hii hukuta silabi isiyo na alama akaitamka chini. Mpiga lokole akiusoma ukurasa ule angepiga mdomo wa chini mahali pa juu, kwa uhakika kabisa, na kumwita mtu ambaye hayupo. Ukurasa wenye fujo unamwambia msomaji asiuamini. Ule wetu ulikuwa safi.

Nilimweleza kijana hivi kwa simu. Akanyamaza. Halafu akauliza swali la fundi: “Yaya, kwani kulikuwa na nakala?” Hakukuwa. Alikuwa ameandika juu ya faili zilezile, na mashine iliyokuwa na za kwanza ilikufa zamani kwa umeme wa jenereta.

Mpangilio sahihi wa kazi hii hauna ugumu, na nauandika kwa ajili ya wengine wenye kurasa za namna hiyo, maana najua wapo, hasa parokia, shule na vyama vya ukoo. Kwanza nakili kila kitu ukiweke mbali. Kisha tafuta majina ya fonti yaliyotajwa katika alama. Ukikuta Arial au Times, futa bila huruma. Ukikuta jina usilolijua, acha. Hiyo huenda ndiyo iliyobeba herufi. Tafuta fonti yenyewe, tazama imeweka nini mahali pa nini, halafu ubadilishe maandishi yaliyo ndani ya alama hiyo tu, yawe Unicode. Ndani ya alama hiyo tu, kwa sababu nje yake kuna Kifaransa, na ç ya François ni ç kweli. Yakishageuka, ndipo uondoe alama ya font, na mahali pake uandike lugha ni ipi. Kilingala kina kifupi chake cha ln. Laha ya mitindo itaitazama lugha hiyo na kuchagua fonti yenye ɛ na ɔ zinazokaa vizuri.

Wikipedia ilipobadilisha programu inayorekebisha kurasa zake mwaka 2018, ilipitia jambo linalofanana. Kila Wikipedia, ya Kiswahili na ya Kilingala zikiwamo, ina ukurasa maalumu unaoorodhesha penye alama zilizopitwa na wakati, font ikiwa mojawapo, na watu wa kujitolea huzipunguza moja moja. Nyingi zimo katika sahihi za wachangiaji waliopenda jina lao liwe la rangi. Hizo hazina madhara. Mtu akiipoteza rangi ya sahihi yake atalalamika wiki moja na kusahau.

Daftari la mzee ndilo lililotuokoa, kwa sehemu kubwa. Kalamu ya wino haikuwa na nafasi 256. Binti yake alikuwa amelihifadhi katika sanduku chini ya kitanda, na alipolitoa kurasa saba zilikuwa nzima. Mbili za mwisho mchwa walikuwa wamezipitia.

Tumekuwa tukikutana kwake jioni. Mimi nasoma kutoka daftarini, kijana anaandika kwa herufi zenye nambari zake za kweli, na mama mwenyewe anasikiliza. Akisita analipiga jina mezani kwa vidole viwili, kama baba yake. Kutoka katika zile kurasa mbili amekumbuka majina mengi kwa sikio tu, na wazee wawili wa ng'ambo ya mto wametupa mengine. Yamebaki saba. Tumeyaacha kama programu ilivyoyaacha, kwa e na o tupu, na kijana ameandika mstari mmoja katika laha ya mitindo unaoyapaka rangi ya kijivu na kuyawekea alama ya kuuliza, ili mtu asiyapige kwenye lokole kabla hatujayathibitisha.